Mutafsiri wa Lori la Maji

Kijiwe chenyewe kilikuwa viti vinne vya sinema, vyekundu, vilivyoungwa kwa chuma kimoja mbele ya duka la Siva, hatua chache kutoka mdomo wa metro ya Porte de Namur, mtaa wa Matonge, Bruxelles. Siva, Mtamil wa Jaffna, Sri Lanka, alivipata kwenye ukumbi uliokuwa unatupa viti vya zamani, akavifunga kwa mnyororo chini ya dirisha, kati ya magunia ya unga wa muhogo na sanduku la samaki wa chumvi. Viti vya namna hiyo mtu akisimama hujikunja vyenyewe kwa kishindo. Mwenye hoja akikasirika, kiti kinapiga pwaa, na barabara nzima inajua mambo yamewaka. Kahawa ililetwa na Hawa, Mrundi aliyekuwa akitunza wazee kule Laeken. Alitoka kazini na chupa kubwa ya kahawa ya tangawizi, ndiyo maana wakamwita Maman Thermos. Hakuiuza. Alisema anaileta ili apate watu wa kuwacheka bila kulipa kiingilio.

Radjabu alikuwa na jina la utani lililokizidi kijiwe umri. Waliokulia Buyenzi, Bujumbura, walimwita Mutafsiri. Kabla ya vita, akiwa kijana, alikaa na maikrofoni pembeni ya televisheni kwenye banda la video, akawatafsiria watu filamu za Kihindi kwa Kiswahili. Kihindi hakukijua. Alitazama midomo, machozi na bastola, mengine akayaunga mwenyewe. Wako watu wazima mpaka leo wanaoapa kwamba shujaa mmoja wa Bombay alimwambia baba mkwe wake, "Mzee, mahari ninayo, ng'ombe wamezuiwa barabarani Kamenge." Sasa Radjabu alikuwa amevuka hamsini, mlinzi wa jengo la ofisi karibu na Gare du Nord. Alivaa tai ya kampuni, akasema "bonjour" kutwa nzima, na sauti ile yote ikawa haina kazi.

Alasiri moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2013, alifika kijiweni akamkuta Siva anabandua tangazo la filamu dirishani. Wenzake walikuwa wameshaanza.

— Imekufa, alisema Hawa, akimmiminia kahawa. Jumamosi ukumbi ulikuwa mtupu. Sambusa zilikuwa nyingi kuliko watu.

Habari hiyo haikuwa ngeni. Mara moja kwa mwezi Siva alikodi ukumbi mdogo wa sinema upande wa Laeken, Jumamosi asubuhi, saa ambazo wenye ukumbi hawana shughuli nao, akaonyesha filamu mpya ya Kitamil kutoka Chennai. Zamani Watamil walikuja kutoka Antwerpen na Liège wamevaa kama wanakwenda arusini, wakakaa hata kwenye ngazi. Kisha ikaja intaneti ya kasi. Filamu ilitoka Ijumaa asubuhi. Ijumaa hiyohiyo jioni ilikuwa kwenye tovuti za wizi, bure. Jumamosi Siva alisimama mlangoni na trei ya sambusa za mke wake, akiwangoja watu ambao wameshajua nani anakufa.

— Miye niko na swali, alisema Numbi. Banaiba namna gani?

Numbi alikuwa mtu wa Kolwezi, fundi wa antena, na hakuna jambo chini ya jua ambalo hakulieleza kwa antena. Kijiwe kilimwita Satelite.

— Namna gani nini? alisema Hawa. Mtu anakaa nyuma, anainua simu, basi.

— Simu! Maman, simu inatetemeka. Bazee balisema, kikulacho kiko mu nguo. Donc camera iko mu kifungo ya koti. Muntu anaketi, anatoa kifua, filamu inaingia yenyewe.

— Na akikohoa? aliuliza Radjabu.

— Akikohoa, bale beko ku nyumba banasema ni tetemeko la udongo. Inaongeza utamu.

Aliyekaa kiti cha mwisho alinyanyua kidole. Huyo alikuwa Tharcisse, mtu wa Likasi. Alisoma sheria Louvain miaka miwili, akaiacha. Sheria yenyewe haikumwacha. Walimwita Maître, yaani wakili.

— Bon. Mbele ya kuuliza mwizi ni nani, tuulize kama kuko wizi. Filamu ni nini? Ni mwangaza. Banatupa mwangaza ku kitambaa cheupe. Alors, mwangaza ni ya nani? Ya Mungu. Na bazee balisema, mwenye macho haambiwi tazama. Donc, kutazama hakuna kosa. Voilà.

— Maître, alisema Hawa, ukiingia nyumba ya mtu ukala chakula chake kwa mwangaza wa taa yake, utasema ni ya Mungu?

— Inategemea na contrat.

— Ni mawingu, alikata Numbi. Dalili ya mvua ni mawingu. Filamu yote ya siku hizi inapita mu cloud. Na cloud ni nini? Ni mawingu. Kule Inde mawingu iko juu, filamu inapita bila shida. Hapa Bruxelles mawingu iko chini, hata mutoto anajua. Ikifika inagonga antena za Laeken, inamwagika. Miye mwenyewe nilifunga antena ya mama mumoja kule, ikashika muntu analia lugha haieleweke, wiki nzima.

— Ulifanya nini?

— Niliigeuza. Akaanza kulia ku jirani.

Mlango ukafunguka, Siva akatoka na tangazo lake amelikunja kama mkeka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta la kijani majira yote. Kifaransa alikijua kiasi cha kutosha, ila na kijiwe alishikilia kusema Kiswahili alichookota kwa wateja wake, Kiswahili cha dukani, kisicho na jana wala kesho.

— Mi jua mwizi, alisema.

Numbi alishika kikombe kwa mikono miwili.

— Mwizi bwana ya dada yangu. Iko Antwerpen. Kila Ijumaa ona filamu ku simu. Halafu piga mi telefone, sema, Siva, filamu nzuri sana, pole.

— Umufungulie dossier, alisema Tharcisse.

— Iko na watoto tano. Wote ona.

Alikaa kwenye gunia la unga. Akaendelea kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu ndizi zimekwisha.

— Chennai, watu mingi fanya kazi mwaka nzima. Mtu ya taa. Mtu ya shona nguo. Mtu ya pika chakula ya mtu ya taa. Ijumaa moja, yote enda ku simu. Filamu kubwa, ya star kubwa, iko na nguvu, anguka, simama. Filamu ndogo anguka, lala. Mi onyesha filamu ndogo.

— Basi uza unga, papa Siva, alisema Tharcisse kwa upole. Unga haidownloadi.

Siva hakucheka. Aliliweka tangazo mapajani.

— Kwetu wakati ya vita umeme hapana. Sisi leta betri ya gari, washa TV ndogo, mtaa nzima keti. Betri kwisha, hero simama katikati ya ngumi. Sisi ngoja. Wiki ingine betri rudi, hero maliza ngumi. Hapana mtu enda. Na hapa, ku ukumbi, watu yangu keti pamoja, hapana mtu uliza, ndugu yako iko wapi. Filamu kwisha, mlango funguka, uliza rudi. Sasa kila mtu keti nyumba yake, peke yake, na simu.

Basi likapita barabarani. Radjabu aliyasikia maneno hayo yakimwingia mahali ambapo huwa hapafungui. Naye alitoka kwao mwaka wa tisini na tatu kwa namna ambayo watu huulizana, halafu hujuta kuuliza. Akajikuta anasema kabla hajafikiri:

— Kwani wanaiba nini? Picha, na maneno ya kwenye picha. Wape kitu ambacho hakimo kwenye picha.

— Kama nini? aliuliza Numbi. Harufu?

— Kama yeye, alisema Hawa, akimwonyesha Radjabu kwa kifuniko cha chupa.

Wakamtazama.

— Nyinyi mnamjua na tai yake ya mlinzi. Mimi nilikuwa natoroka madrasa kwenda kumsikia huyu. Mtu alikuwa anauawa kwenye filamu, na banda zima linaanguka kwa kicheko. Tulitoka pale hatujui jina la filamu, tunajua alichosema Mutafsiri. Hapa Matonge kuna Warundi wangapi, Wakongo wangapi? Waambie Jumamosi Mutafsiri atasimama na maikrofoni, uone kama watabaki na simu.

— Muko nachanganya mambo, alisema Tharcisse. Kutafsiri mbele ya public kunaomba autorisation.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Numbi. Mwenyeji ni mugonjwa, tumulete mugeni.

Siva alikuwa anamtazama Radjabu kama anavyotazama ndizi ya kijani, akikisia itaiva lini.

— Wewe jua Kitamil?

— Hata Kihindi sikukijua.

Siva alilipima jibu hilo kwa uzito wake.

— Sawa, alisema. Mi fundisha story.

Wakafundishana dukani, baada ya Radjabu kutoka kazini, mmoja amekaa kwenye kreti ya bia, mwingine anapanga makopo ya nyanya. Filamu ya mwezi wa nne ilikuwa ndogo kweli: mji umekauka, dereva wa lori la maji anazunguka vitongoji akigawa maji, na kila kitongoji anauliza habari za mdogo wake aliyepotea siku za fujo. Mwenye maji mjini ni tajiri mmoja mwenye meno ya dhahabu. Radjabu alimpenda tajiri huyo mara moja. Aliona jinsi atakavyomfanya aseme. Jioni mbili akajizoeza kazini, kwenye ukumbi wa jengo la ofisi baada ya watu kutoka, na mwanamke aliyesahau mwavuli wake akamkuta anamtukana mti wa plastiki kwa sauti ya tajiri wa maji. Alisema "bonjour". Akampa mwavuli.

Jambo moja tu liliwagonganisha.

— Mwisho, alisema Siva, wewe funga mdomo.

— Mutafsiri afunge mdomo?

— Lori fika kitongoji ya mwisho, wewe funga. Weka maikrofoni chini.

— Siva, pale ndipo watu wanapotaka kuambiwa.

— Hapana. Pale mtu yangu yote lia. Wewe sema, hapana lia vizuri.

Radjabu aliumia. Huko Buyenzi alikuwa amewatafsiri hata watu waliokwisha kufa ndani ya filamu. Ila ukumbi haukuwa wake, akakubali.

Jumamosi ile Matonge ilihamia Laeken. Walikuja akina maman na watoto na vyombo vya chakula, vijana wa Katanga waliosikia kwamba kuna muntu wa Burundi anasemaka mu mulomo ya Wahindi, wazee wa Buyenzi waliokuwa hawajaonana tangu kambi za wakimbizi. Watamil nao walikuja, wachache, wengine kwa ajili ya kumlalamikia Siva: wameshaiona filamu nusu, wamesikia leo kuna Mwafrika atapiga kelele. Walikaa mbele, migongo imenyooka. Sambusa ziliisha kabla ya filamu kuanza, na mke wa Siva akabaki anaitazama trei.

Taa zikazimika. Radjabu alisimama ukutani, maikrofoni mkononi. Lori likatokea barabarani na vumbi lake. Dereva akafungua mdomo, na Radjabu akafungua wa kwake.

— Haloo! Maji si ya tajiri, maji si ya serikali! Maman, leta beseni, acha hiyo sura ya mwisho wa mwezi!

Ukumbi ulipasuka. Tajiri wa meno ya dhahabu alipotokea, Radjabu alimpa sauti ya propriétaire, mwenye nyumba wa Bruxelles anayekuja kukagua unyevu ukutani: "Ukuta huu, bwana, ni weye unapumua sana." Kina maman walijipiga mapaja. Mbele pale mwanamke mmoja wa Kitamil aligeuka amkemee, akawaona watu wote nyuma yake wanalia kwa kicheko, akageukia filamu, akaitazama upya, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kuanzia hapo Watamil walicheka mara mbili: mara moja kwa maneno ya filamu, mara nyingine kwa sababu ya wale waliokuwa nyuma.

Na lori lilipoingia kitongoji cha mwisho, Radjabu akaweka maikrofoni chini.

Alikuwa amejiandaa kusikia manung'uniko. Hakusikia kitu. Wenye Kitamil na wasio na Kitamil walikaa vilevile, na yale yaliyotokea kwenye kitambaa yalitokea bila mtu wa kuyaeleza. Mzee mmoja wa Buyenzi alivua kofia. Radjabu, ukutani, alimkumbuka mtu wake mmoja, ambaye hapa hatutamtaja kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kumtaja. Taa zilipowaka Siva alikuwa ameketi kwenye ngazi, kama zamani, kwa sababu viti vilikuwa vimejaa.

Jumatatu Radjabu alifika kijiweni mapema. Alitaka kusifiwa, na hakuona sababu ya kujificha.

— Maître, ulikuwa wapi? Sikukuona.

— Miye? Ligne ya tatu, kati-kati, alisema Tharcisse. Giza ndiyo ilinificha.

— Miye nilikuwa nyuma yake, alisema Numbi. Nilikuwa naangalia kichwa yake mpaka mwisho.

Hawa alisema ukweli, kwamba alikuwa zamu, na bibi mmoja wa miaka tisini aligoma kuogeshwa na mtu mwingine. Siva alikuwa amebandika tangazo jipya, la filamu ya mwezi wa tano, na chini ameandika kwa kalamu nene: AVEC MUTAFSIRI, yaani pamoja na Mutafsiri. Radjabu alipita mbele ya dirisha hilo mara zaidi ya zilizohitajika.

Alhamisi simu yake ililia akiwa kazini. Ilikuwa namba ya Bujumbura, dada yake Rayhana.

— Kaka, nimekusikia!

— Umenisikia wapi?

— Kwenye simu. Mtaa mzima umekusikia. Uko kwenye filamu ya lori. Watoto hapa wanapita wanasema, ukuta huu, bwana, ni weye unapumua sana. Mama anacheka tangu asubuhi, yule aliyekuwa anakuchapa kwa ajili ya banda la video. Anauliza, wanakulipa vizuri?

Radjabu alisikia joto mpaka masikioni. Aibu ya kulisikia joto hilo ilikuja baadaye kidogo, kama mtu aliyechelewa basi. Alipotoka kazini akaenda Porte de Namur moja kwa moja, na Numbi akamnyooshea simu kabla hajakaa.

— Mutafsiri, weye uko star.

Kwenye kioo kidogo lori la maji lilikuwa limeinama upande, vichwa vya watu vinakata barabara, mtu anakohoa. Juu ya yote sauti yake, safi, kana kwamba amekaa ndani ya simu. Chini waliandika kwa herufi kubwa: TAMIL, SWAHILI, FREE.

Ndani ya duka Siva alikuwa na simu sikioni, anasema Kitamil polepole, kwa muda mrefu, akiwa amewapa mgongo. Alipomaliza hakutoka mara moja. Walimwona anapanga makopo ya nyanya ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

— Nani amefanya? alinong'ona Hawa.

— Ni maikrofoni, alisema Numbi. Maikrofoni ya Chine. Inasikia huku, inatuma kule. Akili nyingi huondoa maarifa. Muliiwekea akili mingi.

— Hapana, alisema Tharcisse. Tuangalie interest. Nani anafaidika? Tajiri wa maji. Mutafsiri alimutukana mbele ya public. Acteur huyo ana avocat, wakili wake. Avocat anahitaji preuve, ushahidi. Donc alituma muntu na kifungo.

— Maître, tajiri yuko Chennai, hajui Kiswahili.

— Njo sababu alihitaji enregistrement ya sauti. Atafsiriwe.

Siva akatoka. Alikaa kwenye gunia lake.

— Chennai piga telefone, alisema. Kwanza mwizi ficha alama. Kila filamu iko na alama, jua ukumbi gani. Mwizi futa. Mwizi hodari. Akakuna goti. Lakini Chennai sikiliza, sikia Kiswahili. Tafuta dunia nzima: lori hii sema Kiswahili wapi? Bruxelles tu. Siva tu. Sasa filamu kwisha. Hapana toa tena kwangu.

Radjabu aliinuka, na kiti kikapiga pwaa ingawa hakuna aliyekuwa na hasira.

— Siva, ni sauti yangu imekuuza. Nitawaandikia. Nitasema mimi ndiye.

— Wewe ndiye nini? Wewe imba, jirani iba redio. Siva alitikisa kichwa chake kule na huku, kama Watamil wanavyofanya, na mtu asijue ni ndiyo au siyo. Mi pia ona, jana. Usiku lala hapana, ona. Sauti nzuri.

— Umeiona kwenye simu?

— Bure, alisema Siva.

Aliingia ndani, akabandua tangazo la mwezi wa tano. Mahali pake alibandika lile la kadi za simu za Afrika, akalinyoosha kwa kiganja mpaka kona zote zikashika.

Kijiwe kikaendelea, kwa kuwa kijiwe hakijui namna nyingine. Numbi alidai ni mashine ya bisi pale ukumbini iliyokuwa na camera. Tharcisse akaleta habari za bwana wa dada yake Siva, yule wa Antwerpen, kisha akamtoa kwa kukosa ushahidi, kisha akamrudisha. Hawa alimimina kahawa bila kumcheka mtu. Radjabu alikaa ameshika kikombe, anasikiliza watu wanamtafuta mwizi wa sauti yake mle mle mlimokuwa na sauti yake, maana Numbi alikuwa hajaizima simu, na tajiri wa maji aliendelea kulalamikia unyevu ndani ya mfuko wa koti.

Hapo akapita msichana anayetoka kununua unga, mfuko begani. Aliisikia ile sauti mfukoni, akasimama, akamtazama Radjabu aliyekuwa amefungua mdomo kusema asante kwa kahawa.

— Samahani, papa. Ni weye?

— Ni mimi nini, binti yangu?

— Mutafsiri! Akacheka mpaka mfuko ukaanguka. Miye naitwa Anne-Marie, nasoma hapa, natoka Lubumbashi. Ku home yetu tunakuangalia kila siku. Ukuta huu, bwana! Bon, papa, niko na swali moja tu. Ile filamu inakatikaka. Lori inaingia mu kitongoji ya mwisho, paf, inaisha, ule muntu alizima simu yake. Alors, alimupata mudogo wake?

Radjabu aliinuka, akageukia viti.

— Maître hapa alikuwa ukumbini, alisema. Mstari wa tatu. Atakuambia.

Tharcisse alitazama kikombe chake kama kina kifungu cha sheria chini.

— Enfin, alisema. Kumupata. Inategemea kumupata ni nini.

— Satelite alikuwa nyuma yake.

— Miye nilikuwa naangalia kichwa ya Maître, alisema Numbi. Nilishasema.

Hawa alifunga kifuniko cha chupa. Ilikuwa tupu.

Anne-Marie aliwatazama mmoja mmoja, bila ubaya, kama mtu anayengoja basi na haoni kwa nini lisije. Radjabu alikuwa na jibu. Alikuwa na sauti pia, na koo lake lilikuwa tayari. Akavuta pumzi aanze, kisha akaiachia. Pale pa mwisho hapakuwa pake.

— Siva! aliita. Toka. Kuna mtu anakuulizia filamu.

Siva alitoka anajifuta mikono kwenye sweta. Anne-Marie akarudia swali lake, polepole. Siva alimsikiliza mpaka mwisho. Akasogeza gunia, akaliacha, akaja kukaa kwenye kiti cha Radjabu kilichokuwa wazi, kati ya Tharcisse na Numbi. Numbi akaingiza mkono mfukoni akaizima simu.

— Lori simama, alisema Siva. Maji kwisha. Mwanamke mzee moja tu, iko na sufuria.

Radjabu alikuwa bado amesimama.

— Lori linasimama, alisema, kwa ile sauti yake. Maji yamekwisha. Kuna mwanamke mmoja mzee, na sufuria yake.